Kilichowekwa Mezani

Jumatatu, 9 Septemba

Wa nne. Tena.

Nimefungua duka, nimewasha mashine ya fotokopi, nimetoa kopi za vyeti vya watoto wa watu, na katikati ya wateja nimecheza mchezo mmoja wa riichi, ule mchezo wa vigae wa Kijapani, kwenye simu. Wa nne kati ya wanne. Jana wa nne. Juzi nilikuwa wa tatu, nikafurahi kama mjinga.

Daraja langu mchezoni limeshuka. Miezi miwili napanda kwa kucha, leo nimeporomoka mara moja. Nina hasira na sitaki kuongea na mtu.

Tata alikuwa kwenye kiti chake pembeni ya kaunta, anatafuna kahawa zake. Baba mkwe wangu. Tangu goti limshinde kulima amehamia kwetu Rwamishenye, hapa Bukoba, na kwa kuwa nyumbani mchana hakuna mtu, anashinda nami dukani. Maisha yake yote alichambua kahawa huko Maruku, punje nzuri huku, mbovu kule. Mikono imestaafu, macho bado. Aliangalia simu yangu, akaniangalia mimi, akarudi kwenye kahawa. Heri angesema kitu.

Jumatano, 11 Septemba

Leo amesema.

Niliweka simu kaunta nimkatie mteja karatasi. Niliporudi Tata akauliza kwa nini nilimtupa yule ndege. Yule wa mbele yangu, akasema, hajatupa hata mwanzi mmoja tangu mwanzo, anakusanya. Nami nimempelekea.

Ndege ni picha ya kigae cha moja katika kundi la mianzi. Hakuna mtu aliyemfundisha. Miezi yote hii ameutazama mchezo kupitia begani kwangu.

Basi nikamweleza. Watu wanne, kila mmoja vigae kumi na tatu; mgao mmoja ni mkono mmoja, na mchezo una mikono mingi. Unavuta kimoja, unatupa kimoja. Unatafuta mafungu manne ya vigae vitatu vitatu, na pacha moja. Ukivuta mwenyewe kile kinachokumalizia, wote watatu wanakulipa pointi. Akikitupa mwenzako, unasema "ron", na aliyetupa analipa peke yake. Ukibakiza kimoja tu unaweza kutangaza riichi: unaweka pointi elfu moja rehani, na kuanzia hapo mkono wako haubadiliki tena.

Mwenyewe niliujulia hapa hapa dukani. Miaka miwili iliyopita Mwalimu Deo, anayefundisha hesabu Muleba, alikuja kuchapa kanuni zake, kurasa arobaini. Mimi husoma kila ninachochapa. Ni tabia mbaya. Nimeshasoma barua za talaka, mahubiri, na mashtaka ya mbuzi. Kanuni za riichi ndizo pekee zilizoninyima usingizi.

Tata akatikisa kichwa. Akasema ni kuchambua tu.

Jumapili, 22 Septemba

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimempa simu.

Ile yangu ya zamani, kioo kimepasuka kona. Nimemwekea mchezo, nikaiweka mezani, nikaondoa mkono. Ndipo akaichukua.

Ndivyo tunavyoishi. Mama alinifundisha kwetu Kamachumu kabla sijaolewa: mkwe hapokei kitu mkononi mwa baba mkwe, wala hampi mkononi. Kinawekwa mezani kwanza. Simkatizi maneno. Sikai kiti chake. Miaka kumi na moja sijakosea hata mara moja, na najivunia. Heshima si utumwa. Na huyu mzee nampenda, basi hainiumi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tata amekuwa wa kwanza. Mimi wa tatu.

Sasa tunacheza pamoja kila jioni baada ya magharibi, simu mbili, na wageni wawili kutoka huko duniani. Amegundua marudio. Mchezo ukiisha unaweza kuutazama upya, mikono yote minne ikiwa wazi, kila kigae kilichotupwa na kila kilichoachwa. Mimi huwa sina uvumilivu nayo. Yeye anatazama yote, taratibu, na miwani yake kwenye ncha ya pua. Marudio ya mchezo mmoja, nusu saa. Anasema huko ndiko uongo unakochambuliwa.

Swaibu, mume wangu, amepiga kutoka Goziba, alikokwenda kununua dagaa. Mtandao wa kisiwani unapatikana juu ya mwamba mmoja tu, naye hupanda huko na simu yake kucheza. Alikuwa wa pili, mkono wa mwisho mtandao ukakata. Nilimcheka mpaka salio likaisha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Muleba. Leo nimeshika vigae vya kweli kwa mara ya kwanza.

Mwalimu Deo amechongesha kwa fundi seremala. Mia moja thelathini na sita, mti mgumu, michoro ameichora mwenyewe kwa rangi. Vizito. Vina sauti. Unapovichanganya mezani vinanguruma kama mvua inavyoanza kwenye bati. Niliona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo.

Halafu nikacheza vibaya ajabu. Simu inakuwashia kitufe: ron, chukua, acha. Mezani hakuna kitufe. Mara mbili kigae changu kilipita mbele ya macho yangu na mimi nimekaa nasubiri taa iwake.

Tata alicheza michezo miwili, akashinda wa pili, kisha akamwita Mwalimu pembeni. Akamwambia amevijua vigae vinne kwa nyuzi za mti migongoni, na si haki. Mwalimu akaduwaa. Migongo yote itapakwa rangi ya kijani. Mzee angeweza kunyamaza akatufunga mwaka mzima. Ndiyo maana nampenda.

Na habari yenyewe: wachezaji wa Kampala wana mashindano mwezi wa kumi na mbili. Wametutengea kiti kimoja, nauli na malazi juu yao. Tutakicheza Jumamosi ya tarehe 16 Novemba. Siku hizo mbalamwezi ni kubwa, dagaa hawafuati taa, hivyo na Swaibu atakuwa nyumbani.

Nakitaka hicho kiti. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Nina miaka thelathini na sita, natoa kopi za safari za watu wengine, na sijawahi kuvuka mpaka wa Mutukula. Nakitaka.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimecheza michezo mitano. Wa kwanza mara mbili. Wali umeungua. Latifa, binti yangu, amekula bila kusema neno. Mtoto mwenye huruma.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kuna jambo linanisumbua.

Tata amebadilika. Kwa wageni anacheza kwa woga wa haki: mtu akitangaza riichi, yeye anarudi nyuma, anatupa vigae salama tu. Mimi nikitangaza, harudi nyuma. Anatupa chochote. Vigae vya moto kabisa. Hata kope haimpigi.

Na sababu ninayo mimi. Kigae changu kikitupwa na Tata, kitufe cha ron kinawaka, na kidole changu kinabonyeza "acha". Kila mara. Tangu siku ya kwanza. Siwezi kumnyang'anya mzee kitu kilichotoka mkononi mwake. Nimejaribu. Kidole kinakataa.

Lakini yeye hajui. Atajuaje?

Jumamosi, 2 Novemba

Aibu. Aibu tupu.

Mazoezi Muleba, meza ya kweli. Mimi, Tata, Mwalimu Deo, na Adelina mwenye duka la dawa. Nilikuwa nimetangaza riichi, nasubiri nne ya duara. Tata akaitupa. Nikatazama dirishani. Zamu iliyofuata Adelina naye akatupa nne ya duara, nami nikasema "ron" kwa sauti iliyojaa chumba.

Mwalimu akaangalia vigae vyangu. Akaangalia kigae cha Tata kilicholala pale pale, mbele ya kila mtu. Akaniuliza mbona cha mzee nilikiacha.

Kanuni naijua kuliko sala za usiku. Ukishatangaza riichi, kigae chako kikapita ukakiacha, mkono umekufa. Huwezi tena kumwambia mtu yeyote ron mpaka mkono uishe. Simu ilikuwa inanizuia yenyewe, haikuwasha kitufe. Mezani nikajisahau. Faini ya pointi elfu nane. Kosa la mtu aliyeanza juzi.

Nikasema sikukiona. Uongo. Adelina akasema kwa upole labda nipimwe macho.

Tulirudi Bukoba, Tata dirishani. Alitafuna kahawa na kuangalia migomba.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimempigia Swaibu nikamwambia ukweli wote. Alicheka mpaka wavuvi wakamuuliza kulikoni. Halafu akasema baba yake atanila vigae vyote na asiseme asante. Nikamwambia amwambie basi. Akakataa. Alisema aanzie wapi kumwambia mzee kwamba mkwewe anamheshimu kupita kiasi.

Nimempigia Mama, kule Kamachumu. Sikutaja vigae. Niliuliza tu, ikitokea mkwe amepokea mkononi, inakuwaje. Mama akauliza nimefanya nini. Nikakata simu haraka.

Wa kwanza mara tatu leo, lakini bila Tata mezani. Nacheza vizuri. Nacheza vizuri sana. Akikaa yeye tu, nina mkono mmoja.

Jumatano, 13 Novemba

Swaibu amefika na mifuko miwili ya dagaa na ndevu. Nyumba imejaa harufu ya ziwa. Nina furaha.

Jioni tulicheza wote watatu na mgeni mmoja. Nilitangaza riichi mara nne. Tata alitupa kigae changu mara mbili, mchana kweupe, na kuendelea kutafuna. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Mzee alikuwa anatabasamu.

Nimelala na hasira. Mzee anajua. Sijui amejuaje, lakini anajua, na anaitumia. Huyu huyu aliyejishtaki kwa nyuzi za mti!

Alhamisi, 14 Novemba

Marudio!

Mimi mjinga. Mikono yote wazi, kila kigae kilichoachwa. Amekuwa akitazama tangu mwezi wa kumi jinsi ninavyomwachia.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimechoka, lakini niandike leo.

Bwalo la shule ya Mwalimu. Mvua. Watu wanane, meza mbili, wawili wa juu kila meza waingie ya mwisho. Swaibu alitolewa asubuhi na mapema, akaenda kusimamia chai. Asiyekubali kushindwa si mshindani, akasema, huku amenuna.

Meza ya mwisho ikawa ile ile ya aibu: mimi, Tata, Mwalimu, Adelina. Tata na koti lake la Idi. Vigae na migongo yao ya kijani.

Nilicheza kama sijawahi kucheza. Nilivuta mkono mkubwa mapema, wote watatu wakanilipa. Mwalimu akanirudisha chini. Tata akapanda polepole, kidogo kidogo, kama anavyofanya kila kitu. Tukafika mkono wa mwisho, Mwalimu akiwa mgawaji. Tata mbele yangu kwa pointi elfu saba. Wengine mbali.

Mkono wangu ukakaa sawa. Nilibakiza kigae kimoja: tatu au sita ya mianzi. Thamani yake pointi elfu tatu na mia tisa. Nikapiga hesabu mara mbili. Nikiupata kwa Mwalimu au Adelina, sitoshi. Nikivuta mwenyewe, bado kidogo sitoshi. Nikiupata kwa Tata, yeye anashuka na mimi napanda, natosha. Ni kwa Tata tu.

Kati ya watu wote wa dunia hii.

Nikatangaza riichi. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Adelina akaanza kutupa vigae salama. Mwalimu naye. Mtu yeyote anayeongoza angefanya hivyo hivyo, akae kimya, mkono uishe, kiti kiwe chake. Tata alivuta kigae. Akakitazama. Akatazama mkono wake, na nikajua naye amebakiza kimoja, anataka kumaliza kwa heshima, si kwa kujificha. Akaniangalia mimi. Alitafuna mara mbili. Akakiweka mezani.

Sita ya mianzi.

Swaibu alikuwa nyuma yangu na birika. Nilimsikia ameacha kupumua. Nikikiacha, mkono umekufa na Kampala imekufa. Nikamwona Mama, Kamachumu, mlangoni. Nikaona miaka kumi na moja. Nikaona pia nilivyokuwa natoa kopi za safari za watu. Nilimkasirikia Tata kwa kutabasamu kwake, nikajikasirikia kwa vidole vyangu, na mdomo ukafunguka.

"Ron."

Nikalaza vigae vyangu. Sikuinua macho. Mvua tu kwenye bati.

Nikaanza kumwomba radhi. Nilisema Tata, nisamehe waitu, kwa neno letu la heshima. Yeye akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akachambua mkono wangu kigae kwa kigae kama anatafuta punje mbovu. Hakuipata.

Halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilitegemea adabu yako. Ndiyo maana nimekitupa."

Nilitaka ardhi inimeze.

"Lakini kilikuwa mezani," akasema. "Sikukupa mkononi. Nimekuwa nakuwekea mezani tangu mwezi wa kumi, wewe huchukui. Nikasema basi, nitakula mpaka utakapoona."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kahawa ikampalia, Swaibu akaweka birika chini kumpiga mgongo, na Adelina, aliyekuwa haelewi chochote, akacheka pia. Mwalimu alihesabu pointi mara tatu, kama kawaida yake. Nimeshinda kwa mia nane.

Nimelia kidogo chooni. Furaha. Nimeandika.

Jumapili, 17 Novemba

Senene wameanguka usiku. Leo nyumba nzima imekaa kung'oa mabawa. Tata na mimi kwenye karai moja, yeye akichambua, mimi nikikaanga.

Nilimuuliza, bila kumwangalia, kwa nini hakuniambia tu. Alijibu kwamba mkwe akiambiwa na baba mkwe achukue, atachukua kwa kutii. Yeye alitaka mtu wa kucheza naye.

Halafu akasema alikuwa na uchungu. Kweli kabisa. Alikitaka kile kiti. Hajavuka Mutukula tangu ujana wake, aliposindikiza kahawa. Alisema angenifunga tena kwa njia ile ile kama ningemwachia. Alisema hivyo na mdomo umejaa senene. Sijawahi kumpenda hivi.

Jumanne, 26 Novemba

Mchezo wa jioni. Nimemwambia Tata ron mara tatu. Mara ya tatu alinung'unika kwa Kihaya maneno ambayo Latifa hakupaswa kuyasikia.

Sasa ananiogopa. Anarudi nyuma nikitangaza. Ni heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupata katika nyumba hii.

Nimepanda daraja.

Ijumaa, 6 Desemba

Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Begi dogo. Kanga mbili, pasipoti mpya isiyo na mhuri hata mmoja, na kurasa arobaini za Mwalimu. Dukani atakaa Swaibu. Namwonea huruma mteja wa kwanza.

Tata ameamka kabla ya alfajiri. Nimemkuta sebuleni ameshaswali, yuko kwenye kiti chake. Alitaka nijue mambo mawili tu. Nisitupe ndege mapema. Na usiku nimpigie, nimweleze kila mkono, na kila kigae nilichokiacha.

Kisha akatoa mfukoni kifurushi cha kahawa za kutafuna, amekifunga kwa jani la mgomba kama wazee wanavyomfungia msafiri. Punje zake mwenyewe, alizozichambua jana mchana kutwa, moja moja.

Akakiweka mezani. Akaondoa mkono.

Nikasema, "Ron."

Nikakichukua.